Utajuaje kama mhasibu wa kampuni huku Uingereza anafanya kazi mnayomlipia

Shangazi, shikamoo. Swali lako nimelisoma, na nimeona nilijibu mbele ya wote, maana familia nyingi zilizochanga fedha kumfungulia kijana wao biashara huku zinaulizana jambo hilohilo. Mmeweka akiba zenu kwenye kampuni ya usafi ya binamu, iliyosajiliwa Birmingham. Kila mwezi anasema mhasibu anadai ada yake. Mwaka umekwisha, hamjaona karatasi hata moja, na mkiuliza mnajibiwa kwamba mhasibu anashughulikia. Unataka kujua kama huyo mhasibu anafanya kazi kweli, na ninyi mlioko Dar mtalijuaje hilo.

Nikujibu bila kuzunguka: sehemu moja ya kazi yake mnaweza kuiona wenyewe leo, kwa simu, bila kulipa chochote. Kila kampuni ya hapa imeandikishwa Companies House, ofisi inayofanya kazi inayofanana na ya BRELA, wakala wa usajili wa kampuni huko nyumbani, na daftari lake liko wazi mtandaoni kwa mtu yeyote popote duniani. Andikeni jina la kampuni kwenye sehemu ya kutafutia. Mtaona wakurugenzi ni akina nani, anwani iliyosajiliwa, kila hati iliyowasilishwa na siku ilipopokelewa. Mtaona pia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha hesabu zinazofuata. Kama tarehe hiyo imepita, ukurasa wenyewe unasema hesabu zimechelewa. Kama kuna mpango wa kuifuta kampuni kwenye daftari, hilo nalo limeandikwa pale.

Kampuni binafsi ina miezi 9 baada ya mwisho wa mwaka wake wa hesabu kuziwasilisha Companies House. Kwa kampuni mpya, hesabu za kwanza hupewa miezi 21 tangu kusajiliwa, kwa hiyo msishtuke kama ya kwenu bado changa na hakuna kitu pale. Ikichelewa hata siku moja, faini ni pauni 150. Ikipita mwezi mmoja inakuwa 375, ikipita miezi mitatu 750, ikipita sita 1,500. Ikichelewa miaka miwili mfululizo, faini ya mwaka wa pili inazidishwa mara mbili. Kuna pia taarifa ya kila mwaka ya kuthibitisha kwamba wanahisa, wakurugenzi na anwani ni walewale. Nayo ina tarehe yake, inaonekana hapohapo. Mhasibu aliyekabidhiwa kazi hizi na anayeziacha zipite tarehe ameshajibu swali lako.

Lakini hati kuonekana pale inathibitisha tu kwamba imefika. Haithibitishi kwamba yaliyomo ni ya kweli. Kampuni ndogo nyingi za hapa hazilazimiki kukaguliwa na mkaguzi wa nje, na sheria inaziruhusu kuweka hadharani mizania fupi tu, yaani orodha ya mali na madeni, bila mapato na matumizi. Ndiyo maana mtu anaweza kuutazama ukurasa huo akaona kila kitu kimewahi, na bado asijue kama biashara imepata faida au imekula mtaji.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo hukuniuliza, Shangazi, na kwangu ni zito kuliko la mhasibu. Fedha zenu zimeandikwa wapi? Mlipozituma, binamu aliwapa hisa, au zilichukuliwa kama mkopo kwa kampuni, au ziliingia tu akaunti ya benki zikaanza kutumika? Kama mna hisa, majina yenu yatakuwa kwenye orodha ya wanahisa iliyowasilishwa Companies House, na Sheria ya Kampuni ya 2006 inaitaka kampuni iwatumie nakala ya hesabu za kila mwaka. Huombi hisani hapo. Wenye angalau asilimia 10 ya hisa wanaweza hata kudai kwa maandishi kwamba hesabu za mwaka zikaguliwe, ilimradi dai lifike angalau mwezi mmoja kabla ya mwaka huo wa hesabu kuisha. Kama ni mkopo, lazima uonekane kwenye mizania upande wa madeni. Na kama hamumo kwenye hisa wala kwenye madeni, kwa vitabu vya kampuni ni kama hamkutoa kitu, au fedha hizo zimeandikwa kwa jina la binamu kana kwamba ni yeye aliyeikopesha kampuni. Simtuhumu. Vijana wengi hawajui tofauti hizi. Ila mhasibu anayeona fedha nyingi zimeingia kutoka Tanzania anapaswa kuuliza zimetoka kwa nani na kwa masharti gani, tena kwa sababu mbili: ili aziandike mahali pake, na kwa sababu sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamtaka amjue mteja wake na chanzo cha fedha zisizo za kawaida. Kama hakuuliza, hiyo ni dalili mbaya kuliko kuchelewa.

Hapo ndipo ninapowapimia wahasibu wote ninaowajua. Mzuri ni msumbufu. Anauliza huyu aliyelipwa pauni 600 ni nani, risiti ya mashine hii iko wapi, kwa nini umetoa fedha taslimu siku hii, gari hili ni la kampuni au lako. Anayechukua stetimenti ya benki mara moja kwa mwaka, asiulize lolote, kisha akarudisha hesabu za kusaini, amepanga namba tu. Mkurugenzi akiwaambia kwamba mhasibu wake hana usumbufu, msifurahi.

Kipimo cha pili ni kama anasema mambo kabla hayajatokea. Kodi ya faida ya kampuni hapa hulipwa miezi 9 na siku moja baada ya mwisho wa kipindi cha hesabu, wakati ritani yenyewe, yaani taarifa ya kodi inayopelekwa serikalini, ina hadi miezi 12. Maana yake malipo yanatangulia karatasi. Mhasibu anayengoja mwezi wa kumi na mbili ndipo apige hesabu anamwacha mteja wake akidaiwa riba kwa deni ambalo hakujua kiasi chake. Anayefanya kazi huja mapema na kusema: weka pembeni kiasi hiki, tarehe hii. Muulizeni binamu swali moja tu, kodi ya mwaka huu itakuwa kama kiasi gani? Asipoweza kukisia hata kwa mbali, ama mhasibu hajamwambia, ama yeye hajauliza.

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ndiyo iliyoziumiza biashara ndogo nyingi ninazozifahamu. Tangu Aprili 2024 kiwango cha kulazimika kujisajili ni mauzo ya pauni 90,000, nayo huhesabiwa kwa miezi 12 iliyopita, kila mwezi unapoisha. Haifuati mwaka wa hesabu za kampuni. Ukivuka, una siku 30 baada ya mwezi ule kuisha kujisajili. Sasa fikirini kampuni ya usafi: gharama yake kubwa ni mishahara, na mishahara haina VAT ya kurudishiwa. Ikivuka bila kujua na ikaendelea kutoza bei ileile, kila pauni 120 zilizoingia, 20 ni za serikali, na mwenye nyumba aliyesafishiwa mwezi wa tatu hatakubali kuongezewa bei mwezi wa tisa. Mhasibu anayeangalia mauzo mara moja kwa mwaka atagundua wakati deni limeshaiva. Hili silisamehi kirahisi, kwa sababu kulikinga kunahitaji kujumlisha mauzo ya kila mwezi tu.

Kwa upande wa mishahara kuna njia nzuri ya kuhakiki ambayo wakurugenzi wengi hawaitumii. Mwajiri hapa anatakiwa kuijulisha HMRC, yaani mamlaka ya kodi, mshahara wa kila mfanyakazi siku ya kulipa au kabla yake. Mfanyakazi naye ana akaunti yake binafsi ya kodi, na ina programu ya simu, ambamo huona mshahara ulioripotiwa na kodi iliyokatwa. Binamu kama anajilipa mshahara kupitia kampuni, afungue akaunti yake mwenyewe. Mshahara wake usipoonekana, au ukionekana tofauti na hati ya mshahara aliyopewa, atakuwa ameujua ukweli kuhusu mhasibu bila kumuuliza.

Sasa kuhusu mtu mwenyewe. Nyumbani tumezoea kwamba anayetaka kutoa huduma ya uhasibu kwa umma lazima asajiliwe na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Huku sivyo. Mtu yeyote anaweza kuandika mlangoni kwamba ni mhasibu na asivunje sheria kwa kujiita hivyo. Walio chini ya vyama vya taaluma kama ICAEW, ACCA au AAT wana masharti ya mafunzo, maadili na mahali pa kuwashtaki, na vyama hivyo vina orodha mtandaoni ambazo mnaweza kutafuta jina. ACCA mnaijua hata Dar. Asiye mwanachama wa chochote si lazima awe mbaya, lakini bado anatakiwa awe anasimamiwa, na HMRC ikiwa hakuna chama, kwa ajili ya sheria za utakatishaji wa fedha. Mwulizeni anasimamiwa na nani. Anayefuata sheria atajibu papo hapo.

Najua pia kwamba wengi wetu tunampata mhasibu msikitini, kanisani, au kwenye kikundi cha watu wa kwetu. Wamo wazuri sana, wanaoelewa haraka fedha iliyotoka kwa shangazi ni kitu gani. Ubaya unaanzia pale heshima inapozuia maswali, kwamba huyu ni mzee wetu, ataona simwamini. Mkurugenzi akiona haya kudai nakala ya ritani aliyoilipia, faini itaiangukia kampuni yake, na atakayewajibika ni yeye. Sheria inamshika mkurugenzi hata kama amemkabidhi mtu mwingine kazi, na kuiambia HMRC kwamba mhasibu ndiye aliyechelewa kwa kawaida hakutoshi, isipokuwa uonyeshe kwamba ulichukua tahadhari ya kutosha kumfuatilia.

Mambo mengine nayataja haraka kwa sababu hayana mjadala. Fedha ya kodi iende moja kwa moja HMRC kutoka benki ya kampuni, kwa namba ya kumbukumbu ya kampuni, isipitie akaunti ya mhasibu hata siku moja. Neno la siri la akaunti ya kodi ya kampuni lisigawiwe. Mhasibu huidhinishwa kama wakala na huingia kwa akaunti yake mwenyewe, na mkurugenzi abaki na yake ili aone kilichowasilishwa na kinachodaiwa. Kama anwani iliyosajiliwa ni ya ofisi ya mhasibu, barua zote za serikali zinaishia kwake, basi kuwe na makubaliano kwamba kila barua inapigwa picha na kutumwa siku inapofika. Na anayejisifu kwamba atawarudishia kodi ambayo wengine hawairudishi, muogopeni. HMRC inaweza kurudi nyuma miaka 6 kwa uzembe na 20 kwa udanganyifu wa makusudi, na wakati huo yeye hatakuwepo.

Niwatendee haki wahasibu pia. Malalamiko mengi ninayoyasikia yanatokana na mteja kulipa ada ya kazi moja na kutarajia kazi tano. Ada ndogo ya mwezi mara nyingi inahusu hesabu za mwaka na ritani ya kampuni basi. Kuingiza risiti kila wiki, VAT, mishahara, ritani binafsi ya mkurugenzi, ni kazi nyingine. Yote hayo yanapaswa kuandikwa kwenye barua ya makubaliano iliyosainiwa mwanzoni. Ombeni barua hiyo kabla ya kumlaumu mtu. Na mumuulize binamu kwa upole lakini kwa uwazi kama yeye anapeleka risiti kwa wakati, maana mhasibu aliyeletewa mfuko wa karatasi wiki ya mwisho hawezi kufanya maajabu.

Umeniuliza mwishoni kama mhasibu huyo aachishwe sasa hivi. Kwa niliyosikia, bado. Kwanza tazameni ukurasa wa Companies House. Halafu binamu amwandikie mhasibu, kwa barua pepe, akiomba vitu vinne: barua ya makubaliano, hesabu kamili za mwaka pamoja na mapato na matumizi, nakala ya ritani ya kodi iliyowasilishwa, na orodha ya tarehe za mwaka unaokuja. Vyote hivi anapaswa kuwa navyo tayari kwenye kompyuta yake. Akivileta ndani ya wiki moja au mbili na kuvieleza, mbaki naye, na mjadili kuhusu kupeana taarifa kila baada ya miezi mitatu. Akianza kuzungusha, binamu atafute mwingine mapema, miezi kadhaa kabla ya tarehe ya hesabu, kwa sababu mhasibu mpya humwandikia yule wa zamani kuomba taarifa na makabidhiano hayo huchukua muda. Na wakati mnangoja majibu, andikeni na binamu makubaliano ya fedha zenu, kama ni hisa au ni mkopo, yenye kiasi na tarehe, ili huyo mhasibu, awe huyu au mwingine, awe na kitu cha kuingiza kwenye vitabu.