Umepandishwa Cheo Kuwa Sajenti? Anza na Seli

Kila polisi wanapopandishwa vyeo, vijana niliofanya kazi nao hunipigia simu. Wanataka kujua namna ya kukaa na OCS, yaani mkuu wa kituo, namna ya kupanga zamu, namna ya kumrudi konstebo mkaidi. Hayo yote huwa tunayazungumza, lakini kwanza nawaambia waende seli. Nilistaafu nikiwa inspekta katika Huduma ya Taifa ya Polisi hapa Kenya, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliipitisha vituoni nikisimamia zamu. Ninaamini kazi ya msimamizi ni kuona kwa macho yake. Ripoti ya mdomo haitoshi.

Saa ya kupokezana zamu ndiyo nzito kuliko zote. Anayetoka atakusomea idadi ya mahabusu na bunduki, kisha aseme, "Kila kitu shwari, afande." Usitie sahihi bado. Beba OB, yaani daftari la matukio ya kituo, ingia seli, ita majina mmoja mmoja. Mtazame anayeitika na jinsi anavyosimama. Anayechelewa kuinuka muulize ana nini, na umuulize mbali na askari waliomkamata. Aliyefika na jeraha, jeraha liandikwe hapo hapo na apelekwe hospitali kabla hajafungiwa. Anayekoroma ukaambiwa ni mlevi, mwamshe. Akishindwa kuamka, huyo ni mgonjwa; huenda ameumia kichwa au sukari imeshuka. Wanawake wasichanganywe na wanaume, wala watoto na watu wazima. Sheria ya polisi ya 2011, katika Jedwali la Tano, imeyasema haya waziwazi, na udogo wa kituo si kisingizio.

Kisha angalia saa ya kukamatwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, siku ya mahakama inayofuata. Wapo askari wanaoutumia mwanya huo: wanamkamata mtu Ijumaa jioni kwa kosa dogo ili alale ndani hadi Jumatatu, jamaa zake wakihangaika kutafuta "kitu kidogo" cha kuhonga. Mchezo huo unaweza kukomeshwa na msimamizi wa zamu peke yake. Kosa likiwa dogo, mpe bondi, yaani ahadi ya kufika mahakamani, aende nyumbani. Bondi ya polisi hailipiwi hata shilingi, na dhamana ya pesa taslimu lazima itolewe risiti.

Ninasisitiza OB kwa sababu mtu aliyefungiwa bila kuandikwa hawezi kutafutwa. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa baada ya kutoka mahakama ya Mavoko, wakazuiliwa katika kambi ya polisi ya Syokimau, kisha wakauawa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani polisi watatu na raia mmoja. Kila ninapoikumbuka kesi hiyo huumia, maana ile ilikuwa kambi ya polisi. Mahali pa namna hiyo pana mlango, pana funguo, na pana mtu anayepaswa kujua nani yuko ndani.

Jambo la silaha wengi hulichukulia kama hesabu tu: bunduki ngapi zimetoka ghalani, risasi ngapi zimerudi. Hesabu ni lazima, lakini mtazame pia anayekabidhiwa. Tumezika polisi waliojiua kwa silaha za kazi, na wengine wameua wake zao au wenzao. Konstebo aliyekuwa mchangamfu akianza kujitenga, kukopa kwa kila mtu na kufika gwarideni akinuka pombe, usimpe bunduki siku hiyo. Mwite faraghani, mwambie sababu, mpe kazi ya ofisini, na umwombee ruhusa akapate ushauri nasaha. Nilipomwondoa kijana mmoja kwenye orodha ya silaha alikasirika akanishtaki kwa mkubwa wangu. Nilifungua daftari nikamwonyesha mkubwa tarehe na mambo niliyoyaona, naye akaidhinisha ruhusa ya yule kijana. Bila maandishi ningeonekana nina chuki.

Risasi ikifyatuliwa na mtu akafa au kujeruhiwa vibaya, linda eneo, hakikisha majeruhi wametibiwa na mjulishe mkubwa wako mara moja. IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, nao lazima waarifiwe. Kila askari aandike maelezo yake peke yake. Usiruhusu kikosi kikae meza moja kutunga maelezo yanayofanana, hata kama ni vijana unaowapenda.

Na utapigiwa simu. Mkubwa atakuambia umtoe fulani, au umpokee fulani lakini usimwandike. Jibu kwa adabu: "Ndiyo afande, ninaingiza kwenye OB kwamba umeagiza hivyo." Wengi wataifuta amri hiyo wenyewe. Asiyeifuta, andika jina lake, saa aliyopiga na maneno aliyosema, kwa sababu siku mambo yatakapofika mahakamani, kusema uliagizwa hakutakuokoa. Amri halali haiogopi kuandikwa, na mpigaji anajua hivyo kama unavyojua wewe.