Anti, Alhamisi napasuliwa magego, Jumamosi tunatoka: naweza kwenda?

Safari hii nimechagua barua tatu, zote za watu wanaoishi nje ya nchi na zote za meno. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zingine, mtanisamehe, ila ndo iliyonikaa moyoni.

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mwanafunzi, niko nje, mwaka wa kwanza. Magego yangu ya mwisho ya chini yananisumbua, yanauma alafu yanatulia alafu yanaanza tena, nilivyopigwa eksirei daktari akasema yote mawili yamelala kwa ubavu yameegemea meno ya mbele yake kwa iyo hayatoki kwa koleo tu, lazima wapasue fizi. Nimepangiwa Alhamisi na watanichoma dawa ya kunilegeza pamoja na ganzi. Sasa Jumamosi wenzangu wa darasani wanatoka, mmoja wao ana bethidei, na mi anti toka nimekuja sijawahi kualikwa popote, hii ndo mara ya kwanza watu wanaita jina langu. Nikikataa najua hawaniiti tena. Ntaweza kwenda hata kwa masaa mawili? Alafu kliniki wanasema nije na mtu mzima wa kunirudisha nyumbani, mi sina mtu huku, nafikiria niwaambie yuko nje ananisubiri alafu nichukue taksi. Kuna ubaya? Nyumbani sijawaambia, mama atapaniki.

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la taksi maana limenitia wasiwasi kuliko pati yenyewe. Usiwadanganye. Nimefanya kazi kwenye kliniki ya meno miaka mingi na nimeona watu wakishapewa hizo dawa za kulegeza, inayotumika sana inaitwa midazolamu, anaamka anaongea vizuri, anacheka, anavaa viatu mwenyewe, nesi anamweleza masharti yote anaitikia ndio ndio, kesho yake hakumbuki hata neno moja. Dawa hiyo inafuta kumbukumbu ya muda ule, ndo inavyofanya kazi. Sasa wewe ukiwa peke yako chumbani nani atakumbuka umeshakunywa kidonge saa ngapi, na nani ataona kama mto umejaa damu? Dereva wa taksi anakushusha mlangoni anaondoka. Ndo maana wanataka mtu mzima anayekaa na wewe, na ndo maana kwa masaa 24 huruhusiwi kuendesha gari, kunywa pombe wala kusaini makaratasi ya maana.

Kama kweli kabisa hamna mtu, ipo njia ya halali: piga simu kliniki leo uwaulize kama kazi yako inaweza kufanyika kwa sindano ya ganzi peke yake. Magego mengi yaliyolala yanatolewa hivyo. Utakuwa macho, utasikia kusukumwa na kuvutwa na mlio wa mashine, ila maumivu hutakiwi kuyasikia, ukiyasikia unanyoosha mkono wanaongeza ganzi. Ukitoka hapo akili yako ni yako na mara nyingi wanakuruhusu kurudi mwenyewe. Na ukibaki na ile dawa ya kulegeza waulize kabisa unatakiwa ukae masaa mangapi bila kula, usibahatishe.

Sasa Jumamosi. Mwanangu, hesabu mwenyewe. Uvimbe wa oparesheni ya gego hauji siku ile ile ukaisha, unapanda taratibu na kilele chake ni kati ya masaa 48 na 72, yani ukipasuliwa Alhamisi asubuhi basi Jumamosi ndo shavu litakuwa limejaa kuliko siku zote, mdomo unafunguka nusu, kutafuna ni shida, na pande zote mbili kwa pamoja maana wewe unatolewa mawili. Watu wengi wanafikiri siku ya kwanza ndo mbaya, wakiamka Ijumaa wanaona wako poa wanajipangia mambo, alafu Jumamosi inawakuta.

Na kuna kitu kikubwa kuliko uvimbe. Jino likitoka linaacha shimo, damu inaganda mle ndani, na lile bonge la damu ndo linafunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Ni kama kigaga cha kidonda, tofauti yake kiko mahali penye unyevu na ulimi unaofukunyua. Likitoka mapema mfupa unabaki wazi, na hayo maumivu wanaoyajua hawayasahau. Na angalia vitu vinavyolitoa: kufyonza kinywaji kwa mrija, kuvuta sigara au shisha, kutema mate kwa nguvu, kusukutua kwa fujo. Yani nusu ya vitu ambavyo watu wanafanya wakitoka usiku. Ongeza kurukaruka kwenye muziki, presha inapanda kidonda kinaanza kuvuja upya, ongeza kiwiko cha mtu kwenye msongamano. Pombe nayo hapana, hasa kama utakuwa kwenye dawa. Ukiandikiwa dawa kali ya maumivu yenye kodeini ndani, pombe juu yake inaweza kukupunguzia pumzi usingizini, hapo tunaongelea uhai sio kichefuchefu. Na ukipewa antibayotiki inayoitwa metronidazoli, hamna pombe mpaka yapite masaa 48 baada ya kidonge cha mwisho.

Kwa iyo jibu langu ni hapana, Jumamosi hii usiende, hata kwa masaa mawili. Ila barua yako sikuisoma kama barua ya meno tu. Umesema ndo mara ya kwanza wanaita jina lako. Naelewa uzito wake, kukaa mahali ambapo simu yako inalia kwa sababu ya meseji za bima na chuo peke yake, siku mtu akikwambia njoo unaona ukikosa hiyo umekosa zote. Sasa nakuomba ufanye kitu kitakachokuwa kigumu kidogo. Mtafute huyo mwenye bethidei, au yule mwingine unayemwona ana roho nzuri, mwambie ukweli wote: Alhamisi nafanyiwa oparesheni ya meno, Jumamosi ntakuwa nimevimba sitaweza kuja na imeniuma sana, na kliniki wanataka mtu wa kunirudisha nyumbani, unaweza kunisindikiza? Sema hivyo hivyo. Wewe unaogopa kwamba ukikataa mwaliko watakusahau, lakini ukinyamaza alafu usitokee, wao watajua ni nini? Watadhani hukutaka. Mtu anayejua unaumwa anapiga simu Jumapili kukuuliza hali. Na akikataa kukusindikiza, muulize wa pili, alafu uulize ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni, vyuo vingi vinayo na maombi kama haya wameshayazoea.

Njia nyingine: kama sasa hivi huna homa, huna uvimbe, hamna usaha na daktari hajasema ni haraka, unaweza kuomba tarehe isogezwe mpaka baada ya Jumamosi. Sio dhambi. Ila waambie mapema, kliniki nyingi zinatoza ukiwaghairi dakika za mwisho, na usisogeze mara mbili, gego linalouma na kutulia siku moja linaamua kutotulia.

Ukishapasuliwa: ng'ata gozi, kile kitambaa chepesi cha kidonda wanachokuwekea juu ya shimo, kwa nguvu ya wastani nusu saa mpaka saa zima, usiichungulie kila dakika. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu, dakika 15 mpaka 20 unatoa unapumzisha, siku ya kwanza. Midomo itakuwa na ganzi masaa kadhaa, usile kitu mpaka iishe utajing'ata bila kujua. Masaa 24 ya mwanzo usisukutue kabisa, baada ya hapo maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, unainamisha kichwa huku na huku alafu unaacha yamwagike yenyewe, hutemi. Vyakula laini visivyo vya moto. Kulala, inua kichwa kwa mto wa ziada. Damu ikirudi, ng'ata gozi nyingine safi nusu saa ukiwa umekaa, isipokata wapigie. Dawa za maumivu anza kabla ganzi haijaisha, usisubiri. Parasetamoli pamoja na ibuprofeni, kama huna vidonda vya tumbo, pumu wala shida ya figo, inafanya kazi nzuri sana kwa maumivu ya gego. Ila soma boksi, mtu mzima parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku, na Marekani dawa hiyo hiyo inaandikwa asetaminofeni, kuna watu wanameza zote mbili wakidhani ni tofauti na ini ndo linaumia.

Siku ya kwanza ya kutoka iwe ukiona uvimbe unashuka na huhitaji dawa kila saa, kwa wengi ni kuanzia siku ya nne au ya tano, na iwe ya kukaa mezani na watu. Na homa ikipanda, ukashindwa kumeza, au uvimbe ukashuka shingoni au pumzi ikawa nzito, hiyo sio ya kusubiri kliniki ifunguliwe, piga namba ya dharura ya nchi uliyopo, 112 kwa nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani. Iandike leo kwenye simu. Na mama mwambie. Atapaniki jioni moja, ila akija kujua baadaye peke yake itamuuma zaidi.

SWALI: Anti habari. Niling'olewa gego siku nne zilizopita huku ninakofanya kazi. Siku mbili za kwanza nilikuwa vizuri, nikatoka na wenzangu wa kazini, sikunywa pombe wala nini. Toka jana maumivu yamerudi mara mbili yake, yanapanda mpaka sikioni, mdomo una ladha mbaya na harufu hata mwenyewe naisikia. Rafiki yangu ana antibayotiki alizobakiza, nimeze?

JIBU: Salama mdogo wangu, pole sana. Usimeze za rafiki yako. Ulivyoeleza, ahueni alafu maumivu kurudi kwa kishindo kati ya siku ya pili na ya nne, kupanda sikioni, harufu, hiyo inafanana sana na lile bonge la damu kutoka mapema na mfupa kubaki wazi. Antibayotiki haifuniki mfupa. Wanachofanya kliniki ni kuosha shimo taratibu na kuweka dawa mle ndani, na wengi wanapata nafuu siku hiyo hiyo, wakati mwingine unarudi kubadilishiwa. Kwa iyo piga simu leo, usiseme tu "jino linauma" watakupa tarehe ya mbali, sema ni siku ya nne baada ya kung'olewa, maumivu yameongezeka na yanafika sikioni. Wakijua hivyo watakutafutia nafasi. Lugha ikikusumbua omba mkalimani, na yaandike hayo kwenye karatasi uwasomee.

Na usijilaumu kwa kutoka. Wapo wanaofuata kila sharti na bado linawatokea, magego ya chini yanaongoza, wanaovuta sigara na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango nao wako kwenye hatari zaidi. Kama unatumia vidonge hivyo mwambie daktari.

SWALI: Anti, bima yangu ya huku haigusi meno. Nataka likizo ya wiki mbili nirudi nyumbani nitolewe jino na kuwekewa la kupandikiza, nikirudi nimeshamaliza. Inawezekana?

JIBU: Kutolewa ndio, kumaliza hapana. Jino la kupandikiza linakaa kwenye skrubu ya titani ambayo mfupa unatakiwa uishike, na kwa kawaida inachukua miezi mitatu mpaka sita kabla ya kuweka jino lenyewe juu. Anayekuahidi yote kwa wiki mbili muulize maswali mengi, hasa nani atakuhudumia skrubu ikilegea ukiwa umesharudi kazini. Kabla ya kukata tiketi ulizia kama huko uliko kuna chuo kinachofundisha madaktari wa meno, mara nyingi wanatibu kwa gharama nafuu chini ya usimamizi wa walimu wao, kazi inakwenda polepole lakini inakaguliwa. Ukiamua kusafiri, ng'oa siku za mwanzo za likizo, sio siku ya kuamkia ndege, na kama ni gego la juu muulize daktari lini unaruhusiwa kuruka, maana mizizi yake iko karibu na sainasi, ule uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa pembeni ya pua.

Na beba eksirei zako pamoja na barua inayoeleza jino kwa maneno, sio namba tu. Nchi nyingi zinahesabu meno kwa mfumo mmoja na Marekani wana wa kwao: jino 18 kwa wengi ni gego la mwisho la juu kulia, kwa Marekani 18 ni gego la pili la chini kushoto. Hakikisha kwenye barua imeandikwa juu au chini, kulia au kushoto, na siku yenyewe kabla ya sindano mwonyeshe daktari kwa kidole.