Hakuna sili mpya, hakuna kuchomoa shafti

Mkuu shusha kwanza hiyo jeki. Umeuliza kama shafti ya mbele ya Toyota IST, ile inayotoa nguvu kwenye gearbox kwenda kwenye tairi, unaweza kubadili mwenyewe hapo nyumbani Mbagala kwa nyundo na mtaimbo. Mimi mwaka juzi nilikuwa na kelele hiyo hiyo, ukikata kona ta-ta-ta-ta, nikafanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya, ikanitoka 850,000.

Nati ya hab (kitovu cha tairi) ilifunguka, bol jointi (kiungo cha chini cha mguu wa tairi) ikaachia, mpaka hapo safi. Balaa liko kule ndani shafti inapoingia kwenye gearbox, pana sili (oil seal), kampira kembamba ndo kanazuia ATF, yaani oil ya gearbox, yote isimwagike. Nikachomeka mtaimbo nikabanjua, ikatoka. Shafti mpya nikaisukuma ikiwa inaning'inia, meno yake yakalalia sili. Kesho yake asubuhi naona matone mekundu sakafuni. Nikarudi kwa muuza spea Kariakoo, yule yule aliyeniambia "kazi ya nusu saa hiyo bro, nyundo inatosha", akanijibu ni oil iliyomwagika wakati wa kuchomoa, itakauka yenyewe. Itakauka yenyewe! Mtu hajawahi kulala chini ya gari hata siku moja anakushauri kama daktari bingwa, hela yako ameshatia mfukoni, gearbox ikifa haimuhusu. Mpaka leo nikipita ule mtaa moyo unachemka.

Wiki mbili baadae niko foleni ya jioni napanda Kimara, nakanyaga mafuta, injini inaunguruma gari haiendi, nyuma honi tu. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oil ya gearbox, nchani kaoil kidogo keusi kananuka kuungua. Kumbe gari ikisimama inadondosha matone tu, ikitembea oil ikapata moto ndo inamwagika kweli, sakafu ya nyumbani inakudanganya. Ile sili aliniwekea kiganjani, mdomo umechanika kidogo hata ukucha wa mtoto haufiki.

Kwa hiyo hakuna sili mpya, hakuna kuchomoa shafti. Ya zamani hata ikionekana nzima tupa. Mpya ipake oil mdomoni, ipigilie izame sawa mduara mzima, ukigonga upande mmoja inalala. Shafti ishikwe kwa mikono miwili, iingie imenyooka bila kuilalia sili. Ukimaliza washa injini, oil ipate moto, pitisha gia zote urudi P ndo upime kijiti. Nati ya hab ni 216 Nm, kwa spana ya tairi unabahatisha roho ya beringi, azima toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), mtu akanyage breki ukaze kabla gari haijakaa chini.

Cha kupigilia sili ninacho, kipande cha bomba nilikatiwa na fundi welding saizi ile ile. Njoo PM nikuelekeze, Jumamosi uje Mbezi ukichukue, ila sili uwe umeshanunua.