Kwa mwalimu mpya wa darasa la kidato cha kwanza

Ukikabidhiwa kidato cha kwanza mwezi Januari, kumbuka kwamba wengi walio mbele yako wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyezoea kunyoosha mkono anakaa kimya. Usimwite mzito. Muulize swali lilelile kwa Kiswahili, pembeni. Akilijibu vizuri, ujue kilichomkwamisha ni lugha, na somo analiweza.

Daftari dogo la misamiati humsaidia. Maneno 5 hadi 8 kwa kipindi, yatoke kwenye mada ya siku hiyo, kila moja na maana yake kwa Kiswahili pamoja na sentensi aliyoitunga mwenyewe. Ukizidisha, wananakili tu. Fundisha pia maneno ya maswali ya mtihani: "State" inataka jibu fupi, "Explain" inataka sababu, "Differentiate" inataka vitu viwili vipimwe kwa kigezo kilekile. Asiyejua hayo hujaza nusu ukurasa kwenye swali la alama 1, muda ukamwishia, na swali la alama 10 likabaki tupu.

Kujisomea nako hufundishwa. Wengi hurudia kusoma notsi mpaka zinaonekana nyepesi, kumbe ni macho yaliyozoea. Kwenye karatasi tupu hakitoki kitu. Tenga dakika 5 za mwisho wa kipindi: madaftari yafungwe, kila mmoja aandike anachokumbuka, kisha afungue na kujaza yaliyomponyoka kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi hiyo ndiyo inayomwonyesha cha kusoma jioni. Arudie kesho yake, baada ya siku 3, na baada ya wiki. Zoezi hili usilitolee alama, maana wataanza kutazamiana na hutajua nani amesahau nini. Na usimsifu anayekesha: kwa umri wao mwili unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Yote hayo hayafui dafu kwa mtoto mwenye njaa au hofu, kwa hiyo soma rejista kwa makini. Jumla ya siku alizokosa haikuambii mengi, tazama mpangilio. Msichana anayekosa siku chache kila mwezi huenda hana taulo za kike. Anayekosa siku za gulio pengine anauza sokoni. Anayesinzia kila siku baada ya saa sita mchana, muulize kwanza amekula nini tangu asubuhi na ametembea umbali gani, kabla hujashika fimbo. Tena fimbo iache kabisa. Aliyechapwa kwa kuchelewa, kesho haji.

Akija kukueleza jambo zito, kaeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Usimwahidi siri, mwambie, "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia." Msikilize bila kumtilia maneno mdomoni. Siku hiyohiyo andika alichosema kwa maneno yake, weka tarehe, kisha mfikishie mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii. Kama kuna ukatili, lihusishe dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Usimwite mzazi kwanza kabla hujajua kama anayemuumiza mtoto anaishi nyumba hiyohiyo.