Kuchukua leseni ya pikipiki ukubwani

Kaka, umeuliza kama miaka 57 ni kuchelewa kuchukua leseni ili uendeshe BSA, ile pikipiki ya Kiingereza ya cc 350 ya miaka ya 60, aliyoiacha marehemu mzee pale Chumbageni. Hujachelewa hata kidogo. Mimi nilichukua yangu nikiwa na 54, hapa hapa Tanga. Anza na leseni ya kujifunzia, na uombe daraja A, maana A1 haivuki cc 125.

Ila usijifunzie kwenye BSA. Jifunzie kwenye boksa, na mtihani ufanye nayo. Pikipiki za Kiingereza za enzi hizo gia ipo mguu wa kulia, breki ya nyuma kushoto, kinyume kabisa na boksa. Mimi siku ya kwanza kwenye ya Kiingereza ya kwangu nilitaka kufunga breki nikakanyaga gia, nikaishia kwenye michongoma. Nashukuru Mungu barabara ilikuwa tupu.

Ukishapata leseni, wiki nzima kaa uwanjani tu hadi miguu izoee. Nenda Raskazone Jumapili alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka. Nikukute huko, nikuoneshe na namna ya kupiga kiki bila kuumiza goti.