Ukienda kuchagua jiwe la kaunta, beba ndimu

Mkuu, nimesoma swali lako. Fundi wako wa Kibaha anasema upige marumaru juu ya slebu ya jikoni, yaani lile bamba la zege la kaunta, shemeji kaona marumaru nyeupe kwenye simu na moyo wake umeshaganda hapo, na muuza mawe anakwambia achana nao wote wawili, chukua granaiti. Unataka kujua kipi kitadumu, na umesema hela ni ya kubana. Mimi niko Tanga, mama watoto ameshapikia kaunta za aina zote hizo na kila moja imenila hela, kwa hiyo ngoja niseme.

Kwanza huyo fundi na shemeji hawazungumzii kitu kimoja. Fundi akisema marumaru, mara nyingi anamaanisha vigae, tailizi. Shemeji anamaanisha jiwe lenyewe. Wanaweza kukubaliana vizuri kabisa mbele yako, halafu siku mzigo ukishushwa ndiyo ugomvi unaanza.

Sasa hilo jiwe jeupe. Nyumba yetu ya kwanza nilibahatika kupata kipande cha marumaru, kama mita moja hivi, kilichobaki kwenye kazi ya mtu. Nikakiweka pembeni ya jiko, kinang'aa mpaka wageni wanauliza. Akaja mama mkwe, siku hiyo kuna samaki changu. Akawakamulia ndimu, nusu ya ndimu akaiacha imelala kifudifudi juu ya jiwe, tukaenda kulala. Asubuhi pana duara limefifia, ukubwa wa ndimu ileile. Mama watoto akasugua kwa sabuni, akasugua kwa magadi, mwisho akachukua stili waya, ndiyo akaharibu kabisa. Ukipapasa kwa kidole unahisi kabisa pameparuza kidogo, kama ulimi wa paka.

Lile halikuwa doa, ndiyo maana halikutoka. Marumaru ni ndugu wa jiwe la chokaa, jamii moja na yale ya mapango ya Amboni hapa kwetu. Asidi inalila. Maji yenye asidi kidogo tu ndiyo yaliyochimba Amboni, ingawa yalichukua miaka mingi sana. Ndimu ni kali zaidi na haihitaji subira hiyo. Siki, ukwaju na nyanya ni hivyohivyo. Dawa yake ni kuita mtu wa mashine alipolishi upya. Jiko la Mswahili bila ndimu na ukwaju mimi silijui, kwa hiyo mwambie shemeji marumaru nyeupe akaiweke bafuni au kwenye meza ya sebuleni.

Ndiyo maana nasema nenda dukani na ndimu. Omba kipande cha jiwe unalotaka, kamulia tone, subiri robo saa, futa, kisha kitazame kwa ubavu kwenye mwanga. Granaiti ya kweli haitabadilika, maana ndani yake ni madini magumu, si chokaa. Kuna wauzaji wanaita kila jiwe linalong'aa granaiti. Ndimu haijui jina la biashara.

Jaribio la pili ni maji. Mwaga matone juu ya kipande hichohicho, kaa dakika kumi. Jiwe likiwa jeusijeusi pale lilipolowa, ujue linanyonya, na kesho litanyonya mafuta na manjano. Si lazima ulikatae, ila litahitaji kupakwa siler, dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe, na kurudiwa kila linapoanza kunyonya tena. La tatu ni la granaiti nyeusi tu: loweka kitambaa cheupe kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usugue. Kitambaa kikitoka cheusi, hilo jiwe limepakwa rangi. Na nyeusi hata ikiwa halali, kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi utaona michirizi myeupe kuzunguka bomba kila siku. Mimi ningechukua ya kijivu yenye madoadoa.

Vigae navyo visidharauliwe. Vya kwangu viliharibika kwa ujinga wangu na wa fundi. Nilinunua vidogo vyeupe vya ukutani, na grauti nyeupe, ile ya kujazia mistari kati ya vigae. Miezi mitatu haikuisha, mistari ikawa ya njano ya pilau na mchuzi. Halafu fundi alibandika kwa madonge manne pembeni, katikati pako wazi. Gonga kwa sarafu utasikia mlio wa kopo tupu. Siku binti alipotwanga kitunguu saumu juu yake, kigae kikaenda na kinu. Ungetumia poslini, vile vigae vigumu visivyonyonya, ya 60 kwa 60, gundi ijazwe chini yote, hadithi ingekuwa nyingine. Kina cha kaunta kwa kawaida ni hizohizo sentimita 60, kwa hiyo fundi akipanga slebu mapema, kigae kimoja kinafunika kutoka mbele hadi ukutani na unabaki na mistari michache tu. Grauti iwe ya kijivu, na ya epoksi, yaani ya gundi ngumu ya kuchanganya, kama mfuko unaruhusu.

MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, yenye plastiki juu sitaizungumzia sana. Tulipopanga ilikuwepo, masika moja ikavimba pembeni ya sinki kama mkate uliolowa chai.

Granaiti ninayo sasa, na imepasuka. Si kosa la jiwe. Lenye unene wa sentimita 2 lina uzito wa karibu kilo 54 kwa mita moja ya mraba, langu zima linakaribia kilo 100. Mbele ya sinki panabaki kiutepe chembamba cha jiwe, na fundi alikiacha kinaning'inia bila kitu chini. Mtoto alikanyaga pale kufikia kabati la juu, tukasikia "ta!" Nimeziba kwa epoksi, ukipita haraka huoni. Kwako simamia mwenyewe hapo: zege au chuma kipite chini, mbele na nyuma ya tundu la sinki. Jiko la mkaa usiliweke juu, moto wa sehemu moja unaweza kulipasua jiwe.

Utaletewa pia kwatzi, jiwe la kiwandani. Ndimu haliogopi na halinyonyi, ila limeshikwa na gundi ya plastiki, sufuria ikitoka motoni ikatua pale inaacha baka la kahawia. Vumbi lake ni baya mno kwa wanaokata. Australia walipiga marufuku aina hiyo ya mawe tangu Julai 2024 kwa sababu ya mapafu ya mafundi. Hata granaiti vumbi lake si salama. Wangu walikatia uani pakavu, kijana mweupe kama katoka mashine ya kusaga, kajifunga fulana puani. Nilikuwa na mpira wa maji hatua tatu kutoka pale na sikuufungua. Wewe ufungue, wakate kwa maji.

Kwa bajeti uliyotaja ningepiga slebu ya zege sasa, juu poslini, na kuzunguka sinki nisibane hela. Granaiti ikija baadaye inaweza kulazwa juu ya vigae vilivyoshika vizuri, ila kaunta itapanda sentimita 2 hadi 3, kwa hiyo mwambie fundi aanze chini kidogo. Na kabla hajafunga mbao za kumwagia zege, shemeji asimame pale na kisu mkononi kama anakata kitunguu, mpime kimo kinachomfaa.