Mume kasema Krismasi ni sikukuu ya mungu jua, tusiende kwa mama

"Shangazi shikamoo. Mi ni mzaliwa wa Rombo, nilikuwa Mkatoliki nikasilimu nilipoolewa, mume wangu ni mtu wa Makunduchi kule Zanzibar na tunaishi Dar na watoto wetu wawili. Kila Desemba tunapanda wote Rombo kwa mama na mume wangu hajawahi kuwa na neno. Mwaka huu kaja na klipu ya WhatsApp inasema Krismasi asili yake ni sikukuu ya mungu jua wa Warumi na Yesu hakuzaliwa tarehe 25, kwa hiyo tukienda tunashiriki shirki. Mama ni mjane, nilipomdokeza akanijibu 'nisipowaona mwaka huu nitajua dini imeninyang'anya mtoto'. Kaka yangu aliyeokoka naye yuko upande wa mume wangu! Shangazi ni kweli hayo? Na nifanyeje? Wa Mbagala."

Marahaba mwanangu. Nianze na klipu maana ndo nyepesi, la mama yako ndo zito.

Klipu haijadanganya yote. Injili hazitaji tarehe, Luka anasema tu wachungaji walikuwa makondeni usiku wanalinda mifugo yao, basi. Na sisi kwenye Surat Maryam tunasoma uchungu ulivyompeleka bibi Maryam kwenye shina la mtende, akaambiwa alitikise zimwangukie tende mbivu, napo huoni tarehe. Wakristo wa mwanzo kabisa sikukuu yao kubwa ilikuwa Pasaka. Hiyo 25 Desemba tunaikuta imeandikwa Roma kwenye kalenda ya mwaka 354, na humohumo kwenye kalenda hiyo, sehemu nyingine, siku ileile imeandikwa kuzaliwa kwa "asiyeshindwa", wengi wanasema ndo huyo mungu jua, na siku hiyo kulikuwa na mashindano 30 ya magari ya farasi. Kaisari Aurelian alikuwa kashamzindulia hekalu lake tangu mwaka 274. Kwa hiyo mtu wa klipu hajatunga.

Ila kakata kipande. Kuna hesabu nyingine ambayo jua halimo kabisa, Wakristo wa zamani walikuwa na imani kwamba Yesu alisulubiwa tarehe 25 Machi na mimba yake ilitungwa tarehe hiyohiyo, sasa we hesabu miezi tisa kutoka hapo uone unaangukia wapi. Wanahistoria mpaka leo wanabishana nani alimwiga nani, we usikubali mtu wa dakika tatu za klipu akumalizie ubishi huo. Ile Saturnalia wanayopenda kuitaja, sikukuu ya Warumi ya mungu wao Saturn, ilikuwa inaanza tarehe 17 Desemba, siyo 25. Waethiopia wao wanasherehekea 7 Januari, Waarmenia wengi 6 Januari. Mti wa Krismasi ni wa Wajerumani, Uingereza ulishika kasi baada ya gazeti kuchapa picha ya Malkia Victoria na familia yake wameuzunguka, mwaka 1848, na kwa mama yako Rombo sidhani kama kuna mti zaidi ya tawi alilokata mpwa wako nyuma ya nyumba likafungwa puto mbili.

Kaka yako naye mwambie hajagundua kitu, walokole wa Kiingereza walishamtangulia. Wapuritani walipokamata Bunge kule Uingereza waliifuta Krismasi mwaka 1647, na wenzao wa Massachusetts, Marekani, mwaka 1659 wakaweka faini ya shilingi tano kwa atakayekutwa anasherehekea, sheria ikakaa hadi 1681. Hao walikuwa Wakristo wa kusoma Biblia asubuhi na jioni, na hoja yao ilikuwa hiyohiyo ya upagani.

Sasa hapa ndo nisikilize vizuri. Mumeo ni mtu wa Makunduchi. Julai ikifika kwao kuna Mwaka Kogwa, vijana wanachapana kwa mabua ya migomba mpaka vinyongo vya mwaka mzima viishe, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wamevaa vya kuvaa wanaimba, na kila nyumba inataka mgeni wa kula naye. Hiyo asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi wa kabla ya Uislamu. Na Makunduchi ni Waislamu kweli siyo wa mchezo, wanaswali na kufunga, na hakuna anayechoma kile kibanda akidhani anaabudu moto. Mumeo akienda kwao Julai anaenda kwa ajili ya wazee wake, ndugu zake na kile chakula. Kama sherehe inahukumiwa kwa ilikotoka miaka elfu na zaidi iliyopita basi aanzie nyumbani kwao, na kama inahukumiwa kwa kile watu wanachokifanya na kukinuia leo, hapo mna cha kuongea.

Ila usimrushie hili kama jiwe! Hasa mbele ya watoto au mbele ya kaka yako. Mngojee mkiwa wawili, ameshakula, muulize kwa upole tu, hivi baba fulani Mwaka Kogwa tunaendaga kufanya nini? Halafu nyamaza. Wanaume wengi jibu wakilitamka wenyewe wanalikubali, ukilitamka we linakuwa kesi.

Mi lakini sidhani kama tatizo ni mungu jua. Miaka yote hiyo alikuwa anakula ndizi za mama mkwe bila neno, leo imekuwaje? Watoto wamekua, labda mwaka jana bibi aliwavalisha nguo nyeupe akaenda nao misa ya mkesha na hakuna aliyemuuliza baba yao. Au kachoka kukaa siku nne na wajomba wanapokezana mbege huku yeye anashikilia soda moja kuanzia asubuhi. Au ni hela, maana Desemba ya Rombo ni nauli za watu wanne, sukari ya mama, mchango wa mbuzi na bado Januari kuna ada, na mwanaume kusema "sina hela" kwa wakwe ni kazi kuliko kusema "ni shirki". Muulize kimojakimoja. Jibu utakalopata hapo ndo la kushughulikia.

Kwa upande wa dini mi si shehe, na kwenye kutoa salamu za Krismasi masheikh wenyewe hawako kauli moja, wengi wanakataza, wapo wanaoruhusu, hilo mkamuulize mnayemwamini. Ibada ya kanisani kaa mbali nayo, hapo mumeo yuko sahihi. Lakini kumwona mama! Surat Luqman imesema wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mungu usiwatii, na palepale ikasema ukae nao duniani kwa wema. Bi Asma binti Abubakar alifikiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume amuunge au vipi, akaambiwa ndiyo, muunge mama yako. Mama yako we ni mjane, Mkatoliki wa rozari yake, anataka kuona wajukuu. Kwa kweli mumeo akikuzuia kwa jina la dini atakuwa kaibebesha dini kitu isichokisema.

Mkikubaliana kwenda, yapangeni mapema kabla hata ya kukata tiketi. Mpigie mama umwambie wazi, mama watoto misa hapana, tukifika naomba usiwachukue, atanung'unika lakini atajua mpaka uko wapi na siyo kwamba umemkimbia. Mbuzi achinjwe na mumeo mwenyewe, nyumba nyingi za Kichaga mbona wanamtafuta Muislamu achinje ili wageni wote wale, tena mkwe kupewa kisu ni heshima. Kisusio kina damu kwa hiyo kiwe na sufuria yake mbali na lenu, nyie mle mtori na ndafu. Mbege ikae kwa wajomba, mumeo awekewe kiti na shemeji asiyekunywa, na hapo ndo kaka yako mlokole atafaa kitu maana wote wawili hawanywi na wote hawaitaki Krismasi, waachie meza yao wabishane.

Akigoma katakata usitoroke. Usije ukamdanganya unaenda kwenye msiba ukapanda basi na watoto, hiyo ndoa haitapona kwa ajili ya mbuzi. Muombe muende tarehe 27 sikukuu ikiwa imeisha, mama anachotaka ni nyie siyo tarehe, au mtumieni nauli aje Mbagala Januari akae hata wiki mbili. Na mkichagua Desemba, tiketi katieni mapema pale Mbezi, mkisubiri wiki ya mwisho mtalala stendi na watoto.